Wagenya na Maji ya Lualaba

Anayetaka kuelewa ufundi wa Wagenya, wavuvi na wapiga kafi wa mto Lualaba hapa Maniema, mashariki mwa Kongo, aanze kwa kutazama miguu, mikono baadaye. Mgenya hupiga kafi akiwa amesimama. Mguu mmoja umetangulia, magoti yamelegea, nyayo tupu zimeshika mbao iliyolowa. Mtumbwi wenyewe ni gogo moja lililochongwa kwa shoka na tezo, hauna mkuku, na ukikakamaa mwili unakumwaga. Kwa hiyo kijana anayejifunza hapa Kasongo-Rive au kule Nyangwe ana kazi ya kwanza kabla ya kafi: kuzoea kuyumba. Hukaa chini na kibuyu, akifua maji, huku mgongo wake ukijifunza mwendo wa mto.

Siku huanza alfajiri, ukungu ungali juu ya maji, kwa kwenda kutazama nyavu na migono. Kupanda mto hakufanywi katikati, kwenye mkondo. Mtumbwi hufuata kando, maji yanapokuwa mepesi, na hapo chombo ni pondo, mti mrefu wa kusukumia. Nimeitazama pondo ikitumika na sichoki kuitazama. Inazamishwa karibu na ubavu, inagusa chini, kisha mikono inaipanda mmoja baada ya mwingine mpaka mwili wote umeegemea na mtumbwi umesogea mbele. Halafu kuna jambo dogo ambalo mgeni halioni: kabla ya kuing'oa, fundi huizungusha kidogo. Bila hivyo tope huishika, mtumbwi unaendelea na safari, na mwanafunzi anabaki ananing'inia kwenye mti katikati ya mto.

Jua likipanda huja kazi ya kuvusha watu. Magunia ya muhogo, bidoni za mawese, baiskeli, akina mama na watoto mgongoni. Vyote hupangwa chini na katikati ili uzito usipande juu. Hapo ndipo ninapoona akili kubwa kuliko zote. Mpiga kafi haelekezi mtumbwi mahali anapokwenda. Huuelekeza juu zaidi, mshazari, ili mkondo unaomsukuma chini umsaidie pia kuvuka. Njiani anausoma uso wa maji: mkunjo unaotulia mahali pamoja una jiwe chini yake, na nyuma ya jiwe kuna maji yanayorudi, ambapo mtumbwi unaweza kupumzika. Kiangazi mawe hujitokeza yenyewe. Masika yamefunikwa, na fundi anayakumbuka.

Mto huu una upande mwingine wa elimu, ulio chini ya maji, na husifiwa mara chache. Msafiri David Livingstone, aliyekaa Nyangwe mwaka 1871, aliandika katika shajara yake kwamba wanawake wa hapa walizamia chaza wa mtoni. Fikiria kazi hiyo: kushuka kwa pumzi moja ndani ya maji yenye mkondo, kupapasa chaza walioganda kwenye mwamba, kuwabandua na kurudi juu, katika mto wenye mamba. Wageni wengi walipita wakahesabu pembe za ndovu na bunduki. Mimi ningewaweka wanawake hao mbele katika historia ya Maniema.

Livingstone mwenyewe alikuja kujua thamani ya watu hawa kwa kuwakosa. Alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi akitafuta mitumbwi ya kufuata Lualaba. Wagenya walimshuku, wakakataa, na Julai, siku chache baada ya watu kuuawa kikatili katika soko la Nyangwe, aliondoka bila kuuteremka mto. Msafiri mwingine, Verney Lovett Cameron, alikuja mwaka 1874, naye akakosa mitumbwi. Henry Morton Stanley, mwaka 1876, alikuwa amebeba mashua yake mwenyewe vipande vipande. Nguvu ya kusema hapana ilikuwa mikononi mwa wenye makafi.

Baadaye Wabelgiji walijenga reli kati ya Kindu na Kongolo, ikakamilika mwaka 1911, ili kukwepa maporomoko. Reli hiyo iko ng'ambo ya magharibi. Kasongo iko mashariki. Anayetaka kuifikia reli kutoka Kasongo bado anahitaji mtu wa kumvusha.

Walimu wa Kasongo, na ninyi wa Kabambare mlio na mto Luama, mnaochora mishale ya nguvu ubaoni wakati wa somo la fizikia: wapelekeni wanafunzi mtoni asubuhi moja. Waoneni Wagenya wakivuka mshazari, ombeni ruhusa ya kuuliza, na andikeni majibu kwa majina ya waliowafundisha.