"Weka chokaa": chokaa ipi?

Ukichimba bwawa la sato Bukoba Vijijini au Muleba, ushauri wa mwanzo kabisa utakaopewa ni huu: weka chokaa. Umo kwenye vipeperushi, kwenye video, kwenye magrupu ya WhatsApp. Na si ushauri wa kubeza. Ukanda wa ziwa pale Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo imekuwa ikiosha kalsiamu kutoka kwenye udongo kwa maelfu ya miaka. Mawe ya vilima vyake mengi ni ya mchanga, kwa hiyo hayairudishi. Maji yanakuwa laini, yenye asidi, na hayana cha kuituliza pH.

Shida yangu ni hilo neno. Nenda ukaulize chokaa kwenye duka la vyakula vya mifugo: utapewa unga wa mawe wanaochanganyia chakula cha kuku, yaani kalsiamu kabonati. Uliza kwenye duka la vifaa vya ujenzi: utapewa ya kupaka ukuta, kalsiamu haidroksaidi. Zote nyeupe, zote unga, zote chokaa. Ukizitia majini ni vitu viwili tofauti kabisa. Ya kuku huyeyuka polepole na bwawani haipandishi pH kupita 8.3 hivi. Ya ukutani, maji yaliyoshiba nayo yana pH 12.4.

Tupige hesabu. Bwawa la mita 10 kwa 20, kina mita 1, lina lita 200,000. Ukimwaga kilo 10 za chokaa ya ukutani, ni miligramu 50 kwa lita. Miligramu 1 ya kaboni dayoksaidi inamaliza miligramu 0.84 za chokaa hiyo. Hata alfajiri, tuseme maji yana miligramu 10 za kaboni dayoksaidi kwa lita, zinamaliza 8.4 tu. (Mchana ni balaa zaidi, maana mwani wameshaitumia.) Bikabonati zingeweza kusaidia, lakini kwenye maji laini ni chache. Inayobaki inasukuma pH kuelekea 11, na hapo samaki hawaponi. Hata kabla ya kufika huko kuna amonia: kwa nyuzi 25 na pH 7, haifiki asilimia 1 iliyo katika hali ya sumu, kwa pH 9 ni zaidi ya theluthi.

Sasa linganisha na wanaofuga matumbawe kwenye matangi ya kioo nyumbani. Wanatumia hiyo hiyo ya ukutani, ila iliyosafishwa, ili matumbawe yapate kalsiamu ya kujengea mifupa. Wanaikoroga, wanaiacha itulie, wanachukua maji ya juu yaliyo angavu, wanayadondosha tone kwa tone, wengi wao usiku, wakati pH ya tangi imeshuka. Maelekezo yao yanataja kitu gani, kiasi gani, kwa kasi gani, saa ngapi. Hayo ni ya mtu anayejiburudisha sebuleni! Mfugaji wa Muleba, aliyezamisha ada ya mtoto kwenye bwawa, anaambiwa "weka chokaa".

Chokaa ya ukutani ina kazi yake: bwawa likiwa tupu, sakafu ingali na unyevu, inaua vimelea na visamaki vilivyobaki. Kisha unajaza maji na kusubiri wiki mbili hivi, pH ishuke, ndipo vifaranga viingie. Samaki wakishakuwemo, tumia ya kuku.

Na kile kiwango kimoja kwa mkoa mzima? Ukitoka ufukweni kwenda magharibi mvua inapungua, na bwawa la bondeni haliwezi kufanana na la juu Kamachumu. Usiniambie mkulima hawezi kupima. Kipimo cha alkaliniti ni kuhesabu matone mpaka rangi ibadilike, na kimoja kinaweza kuzunguka kijiji kizima. Ukikuta chini ya miligramu 20 kwa lita, bwawa linahitaji chokaa. Ukikuta 60, hela hiyo kanunulie chakula.