Walipowaacha Wateja

Niseme mapema ili asiyetaka asipoteze muda wake: uamuzi wa studio ya 37signals kuacha kazi za wateja, mwaka mmoja na ushei baada ya programu yao ya Basecamp kuingia sokoni, ulikuwa mbaya. Najua uliwatajirisha. Najua pia kwamba kila studio ya watu watatu, ikishamaliza mwaka wake wa kwanza na kukaa kupanga vipaumbele, huutaja uamuzi huo kama hadithi ya ukombozi. Lakini safu hii haihesabu pesa za mtu. Inapima ufundi, na kwa kipimo hicho studio iliyokuwa na jicho kali kuliko zote kwa ukurasa wa kawaida wa mtu wa kawaida ilijifungia nje kwa hiari yake.

Historia mnaijua, kwa hiyo naipitia mbio. Chicago, 1999: Jason Fried, Carlos Segura na Ernest Kim wanaanzisha studio ndogo ya kubuni tovuti. Tovuti yao wenyewe ni maandishi matupu, hoja 37 zilizopewa namba, bila picha ya kazi waliyowahi kufanya, wakati mtaa mzima unacheza na michoro inayotembea ya Flash. (Flash nimeshaisema hapa mpaka mhariri kachoka. Tovuti inayohitaji kitufe cha kuruka utangulizi imeshakiri kwamba utangulizi haukuhitajika. Ilizimwa mwisho wa Desemba 2020 na sikuiwekea matanga.) Februari 2004 inatoka Basecamp, programu waliyojitengenezea ili kusimamia miradi ya wateja wao. Julai mwaka huo David Heinemeier Hansson, aliyekuwa akiiandika Basecamp kutoka Copenhagen kwa saa chache kwa wiki, anazigawa bure zana alizoijengea, Ruby on Rails. Kazi safi, zote mbili.

Tatizo linaanza baada ya hapo. Basecamp inaanza kuingiza pesa nyingi kuliko kazi za wateja. Mezani kuna njia tatu: kupunguza wateja, kuchagua wateja, au kuwaacha wote. Wakaenda na ya tatu. Hesabu iliwaambia hivyo, na hesabu haikukosea. Ilichosahau ni kwamba katika studio ile mteja hakuwa chanzo cha mapato peke yake. Ndiye aliyeleta matatizo ambayo wao wenyewe wasingeyawaza.

Tazameni walichokuwa nacho. Kulikuwa na 37better, ambapo walichukua kurasa za makampuni makubwa, FedEx, PayPal, na kuzipanga upya bila kuombwa na mtu, kisha wakaeleza hadharani kila kitu kilihamia wapi na kwa nini. Kulikuwa na 37express: ukurasa mmoja, wiki moja, dola 2,500, basi. Sijaona tangu siku hizo namna nzuri zaidi ya kuuza ubunifu kwa mtu asiye na bajeti ya mradi mzima. Duka dogo linaleta ukurasa wake wa malipo unaofukuza wanunuzi, wiki ijayo linarudishiwa ukiwa umenyooka. Na mwaka ule ule wa 2004 kilitoka kitabu cha Matthew Linderman na Fried, Defensive Design for the Web, ambacho kazi yake yote ni kueleza tovuti ifanye nini pale mambo yanapoharibika: kosa kwenye fomu, ukurasa uliopotea, utafutaji usioleta kitu. Studio iliyoandika kitabu hicho ikawaacha watu wanaokihitaji kabla wino haujakauka.

Anayeona natia chumvi afungue fomu yoyote ya kuombea huduma ya umma au ya shirika katika ukanda wetu. Mwombaji anajaza kisanduku baada ya kisanduku kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20 ikiwemo. Anaandika simu yake kama anavyoitaja kila siku, 0754 na kuendelea. Fomu ilitaka ianze na 255 lakini haikusema. Anabonyeza. Ukurasa unaruka juu, maandishi mekundu yanasema taarifa si sahihi, hayasemi taarifa ipi, na visanduku vyote vimerudi vitupu. Anaanza upya. Safari hii simu iko sawa, sasa fomu inakataa jina, kwa sababu ukoo wake ni Nyang'oro na aliyeandika programu hakuwahi kuwaza kwamba alama ya king'ong'o inaweza kuwa ndani ya jina la mtu. Kuna akina Ng'ang'a wa Kenya walioshazoea kujiandika Nganga ili kompyuta iwakubali.

Dawa ya kasoro hizo inajulikana tangu kitabu kile: weka onyo kando ya kisanduku chenye kosa, sema kosa ni nini na linarekebishwaje, usifute alichokwisha kuandika mtu, na pokea namba kwa mtindo wowote kisha uinyooshe mwenyewe huko ndani. Ni kazi ya mchana mmoja. Haifanywi, kwa sababu waliokuwa wakiifundisha kwa vitendo walihamia kwenye programu inayotumiwa, mwanzoni hasa, na wabunifu wenzao. Fundi cherehani anayejishonea mwenyewe tu hatapima tena mwili usio wake.

Hapa ndipo ufundi wenyewe unapoharibikia, na wachambuzi wengi wanapita bila kupaona. Mteja wa kandarasi ni ghali kumkatalia. Amekaa mezani, amelipa nusu, ana wafanyakazi wanaopokea simu za watu waliokwama, na ukimwambia hapana unatakiwa utoe sababu itakayosimama. Mteja wa usajili wa kila mwezi ni rahisi kumkatalia. Anaondoka kimya na dola zake chache, kesho anaingia mwingine. Ukisoma Getting Real, kitabu chao cha 2006, unaona falsafa nzima imeota kwenye udongo huo. Jenga kile kinachokuwasha wewe. Maombi ya wateja usiyaandike popote, yenye uzito yatarudi yenyewe. Kwa bidhaa yao ushauri huo ulifanya kazi, ila ni ushauri wa mtu ambaye hapana imeshakuwa rahisi kwake. Kwa mbunifu wa mwaka wa pili ni sumu, maana huyo ndiye anayetakiwa bado kubanwa ukutani na mwenye duka la vipuri anayesema wanunuzi wake hawaelewi neno lililoandikwa kwenye kitufe.

Mtaniambia ubunifu mkubwa hutoka kwa wenye uhuru. Ushahidi unasema vingine. Mpangilio wa kurasa kwa CSS, lugha ya mitindo ya wavuti, ulipata heshima mwaka 2002 mbunifu Douglas Bowman alipoubadilisha ukurasa wa Wired, chombo cha habari chenye wasomaji wasio na subira. Kurasa zinazojirekebisha kwa ukubwa wa kioo zilipata jina katika makala ya Ethan Marcotte ya 2010, lakini zilithibitika 2011 kwenye gazeti la Boston Globe, kazi ya mteja, yeye akiwa na studio ya Filament Group, wakihangaika na matangazo, picha na vichwa vya habari ambavyo wao hawakuvichagua. Jeffrey Zeldman, mzee wetu sote, alianzisha studio ya Happy Cog mwaka ule ule wa 1999, akaandika vitabu, akaendesha jarida, akapigania viwango vya wavuti, na wateja akabaki nao. Studio ya Clearleft ya Brighton ilizaliwa 2005, ikaandaa kongamano la dConstruct mwaka huo huo, na kazi za watu haikuzitupa. Wale walijua kugawa wiki. Siku hizi studio ikipata bidhaa moja inayolipa umeme, wa kwanza kuachwa ni mwenye hoteli aliyewapa kazi ya kwanza.

Na ndiyo sababu nimerudi kwenye jambo la miaka ishirini iliyopita. Huku Dar na Nairobi hadithi ile inasimuliwa nusu. Studio inamaliza mwaka, inatangaza vipaumbele, na cha kwanza daima ni kujenga bidhaa yetu wenyewe: mfumo wa shule, programu ya maduka, kitu cha kukusanya michango. Wateja wanaitwa usumbufu. Miezi michache baadaye cheti cha usalama cha tovuti ya mteja kimeisha, simu za wageni zinaonya kwamba hapa si salama, domeni inakaribia kufa kwa sababu ilisajiliwa kwa barua pepe ya kijana aliyekwisha kuondoka, na bidhaa yenyewe haijapata mnunuzi wa tatu. Nusu isiyosimuliwa ni kwamba Fried na wenzake walikuwa na miaka minne ya kazi za watu kabla hawajaanza kuijenga Basecamp, waliijenga pembeni huku kazi hizo zikilipa kodi ya ofisi, na tatizo iliyolitatua walilikuta kwa wateja hao hao. Hata wao, basi, hawakuanzia pale wanafunzi wao wanapoanzia.

Waliyoyafanya baadaye hayahitaji sentensi nyingi. Programu za Backpack na Campfire zilifuata, Highrise ikaja 2007, Jeff Bezos wa Amazon akanunua sehemu ndogo ya kampuni mwaka 2006, mwaka 2014 wakajiita Basecamp na kubaki na bidhaa hiyo moja, mwaka 2022 wakalirudisha jina la zamani. Basecamp imetengenezwa vizuri, sijawahi kusema vinginevyo. Ila katika miaka yote hiyo sijaona tena ukurasa wa mtu mwingine waliouchukua, wakaufungua mbele yetu na kuonyesha pa kukata.

Mezani pale ningebakisha 37express. Ningepandisha bei mara nne ili foleni iwe fupi, ningepokea kazi moja tu kwa mwezi, na Fried mwenyewe angeifanya, si kijana wa mazoezi. Ya kwanza ningeomba iwe fomu ya kumlaza mgonjwa hospitalini, ile inayojazwa na ndugu aliyesimama mapokezi saa nane usiku, akiwa hakumbuki tarehe ya kuzaliwa ya mama yake.