Nguo ya Kutokea

Leso ikitoka dukani haijawa leso bado. Huuzwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, na vikishatenganishwa hubaki ncha mbichi zinazotoa nyuzi kila zinapoguswa. Ndiyo maana Mtaa wa Biashara, Mombasa, hauishii kwenye maduka. Vibarazani wameketi mafundi na cherehani zao za miguu, Singer za zamani na Butterfly, na mteja akishachagua jina la leso lililomgusa na kulipa, hupiga hatua chache tu akamkabidhi fundi. Fundi hukata katikati bila kupima, huikunja ncha mara mbili akiibana kwa ukucha wa kidole gumba, akaipitisha chini ya sindano na kukanyaga. Mteja akisalimiana na jirani aliyekutana naye hapo, leso imeshapindwa. Ni kazi ya dakika chache na malipo ya shilingi chache, lakini hakuna leso iliyofika harusini, matangani, au hospitalini kumpokea mtoto mchanga, bila kupita mikononi mwa mtu kama huyo.

Nataka kuusifu ushonaji. Umesifiwa mara nyingi kwa uzuri wa nakshi na kwa subira ya wenye kazi, na sifa hizo ni zake. Mimi nina nyingine, iliyonidhihirikia miaka ile ya korona: kushona ni kazi ya ndani inayofanywa kwa ajili ya nje. Kanzu ina Ijumaa yake. Sare ina lango la shule. Gauni la harusi lina usiku wake mmoja, na hata shuka ya mgonjwa ina siku ya wageni. Mshonaji anapotia uzi kwenye sindano ameshaamini kwamba ipo siku mwenye nguo atafungua mlango aende kwa watu.

Sasa fikiria imani hiyo watu wanapokatazwa kutoka.

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili kaunti yetu ya Mombasa ikafungwa, hapana kuingia wala kutoka, na tarehe 6 Mei ikaja zamu ya Mji wa Kale wenyewe, siku moja na Eastleigh ya Nairobi. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Kwa kawaida hizo ndizo siku ambazo fundi wa Mombasa hapati usingizi: kumi la mwisho likiingia, taa ya kibanda chake haizimwi, na kila anayepita ana neno moja tu, “Fundi, yangu imefika wapi?” Mwaka ule vitambaa vilivyokwisha kukatwa vilikaa rafuni na majina ya wenyewe yamebanwa kwa pini. Idd-ul-Fitr ikaangukia Jumapili, tarehe 24 Mei, misikiti ikiwa imefungwa. Watu waliswali majumbani. Mtaani kwetu kina mama waliwavisha watoto nguo mpya na kuwapandisha darini, angalau wapungiane mikono na wenzao wa dari ya pili. Nguo isiyo na pa kwenda inatia huzuni, na mafundi wa mji huu waliionja huzuni hiyo kabla ya wengi wetu.

Barakoa iliwafaa. Serikali ilipolazimisha kila mtu aivae, na faini ikawa ya hadi shilingi 20,000, cherehani zilirudi kukanyagwa. Viwanda vikubwa viliingia kazini, Rivatex kule Eldoret na kile cha kaunti ya Kitui, lakini barakoa nyingi nilizoziona usoni mwa majirani zilitoka vibarazani. Lastiki ilipoadimika, mafundi walikata fulana kuukuu vipande vyembamba, wakavivuta vikajikunja, vikawa kamba laini zisizoumiza masikio. Tarehe 5 Juni Shirika la Afya Duniani likashauri tabaka tatu, ya ndani inayonyonya unyevu na ya nje isiyonyonya, na fundi mmoja wa Kibokoni alikuwa akitia tabaka tatu tangu mwanzo kwa sababu, alivyonieleza, mbili hazisimami vizuri puani. Mkono wake uliijua nguo kabla ya tangazo.

Nyumbani, hata hivyo, ilishonwa kazi ya namna nyingine, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi.

Shangazi yangu hushona kofia za vito, zile wanazovaa wanaume wetu wa pwani, ambazo Lamu na Siyu zina sifa zake. Anayeiona kofia kichwani mwa mtu hudhani ni kipande kimoja cha nguo kilichotobolewa kwa mapambo. Sivyo. Ina sehemu mbili, duara ya juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, na kila sehemu ni tabaka mbili za kitambaa cheupe cha pamba. Nakshi huchorwa kwanza kwa penseli, au hugongwa kwa muhuri, kisha mistari yake hupitishwa sindano. Katikati ya tabaka hizo mbili hupenyezwa nyuzi za pamba, na hizo ndizo zinazoipa kofia mwili ikasimama yenyewe. Halafu ndipo vinapokuja vitundu. Kila kitundu hutobolewa, kikazungushiwa uzi mshono kwa mshono, kila mshono ukimgusa mwenzake, mpaka ukingo wake unakuwa mgumu kiasi cha kutochanika hata kofia ikifuliwa na kuanikwa miaka na miaka. Vitundu hivyo ni mamia. Na vinafanya kazi: kichwa kinapumua katika joto letu.

Kofia nzuri huchukua wiki nyingi, nyingine miezi. Mwenye haraka hawezi kuimaliza, lakini kosa ni kudhani kwamba ni kazi ya kujifungia. Kofia inakunjika, inaingia mfukoni, haitaki meza wala umeme. Ndiyo kazi ya barazani, ya kwenye mashua, ya kusubiri zamu kliniki. Mikono inashona, macho yanatazama njia, mdomo unazungumza. Kwa hiyo kufungiwa kulimuumiza Shangazi pale ambapo wengi wasingedhani. Vitundu alivishona kama kawaida, vilivyo sawasawa vyote, lakini alilalamika kwamba kofia haina habari. Alizoea kuishona na mazungumzo.

Aliniita nikae naye. Hapo ndipo nilipojifunza kupima uzi kutoka ncha za vidole hadi kiwikoni, kuupitisha kwenye nta usijisokote, na kuanza bila fundo, kwa kuuficha mwanzo wa uzi katikati ya tabaka ili kofia isiwe na kigumu cha kumwasha mtu kipajini. Hili la fundo nimelifikiria sana. Yule atakayeivaa hatajua kwa nini inamkaa vizuri, na aliyeishona alishamfikiria kipaji chake kabla ya kumjua ni nani.

Darini kwa Shangazi palikuwa na bustani, ikiwa ndoo zilizopasuka na madebe ya rangi yanaweza kuitwa bustani, nami naona yanaweza. Mchicha, dania, pilipili, mrehani, na mti mmoja wa asumini kwenye debe kubwa. Nyumba nyingi zilipanda miezi ile, kwa kuwa kwenda sokoni kulikuwa mashaka. Ya mboga sina mengi ya kusema, mchicha hauhitaji kusifiwa ili uote. Asumini ndiyo iliyorudi kwenye sindano. Matumba huchumwa alasiri yakiwa bado yamefumba, hutungwa kwenye uzi moja moja kwa kupitishwa sindano chini ya ua, na ikifika magharibi hufumbuka yenyewe kwenye koja, harufu ikajaa chumba. Koja la asumini hutungwa kwa ajili ya kutoka: la bi harusi, la mwanamke anayekwenda maulidini, la mgeni. Shangazi aliyatunga akayatundika mlangoni kwa ndani, kafyu ikianza.

Mji ulifunguliwa kidogo kidogo. Mji wa Kale uliachiwa mwanzoni mwa Juni na kafyu ikasogezwa hadi saa tatu usiku, barabara za kutoka kaunti zikaachiwa tarehe 7 Julai, na baadaye kafyu ikafika saa tano. Kila hatua ilionekana kwenye vibanda vya mafundi. Kwanza zilikuja nguo za kupunguzwa na za kuachiwa, kwa kuwa miili ilikuwa imebadilika humo ndani. Kisha mitumba: uingizaji wake ulipigwa marufuku tangu mwisho wa Machi hadi Agosti, mabunda mapya hayakufika sokoni Kongowea, na watu waliokwisha kusahau kiraka wakakikumbuka. Niliziona suruali zilizotiwa kiraka kwa ustadi mkubwa, kwa ndani, uzi wa rangi ile ile, mistari ya kitambaa ikiendelea pale pale ilipokatikia. Kiraka cha namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kushona suruali mpya, na natamani mafundi walipwe hivyo.

Halafu ikaja sare. Shule zilifungwa Machi 2020. Madarasa machache yakarudi Oktoba na wengine wote tarehe 4 Januari 2021. Watoto walikuwa wamerefuka karibu mwaka mzima bila mtu kuwapima. Wiki ile ya mwisho wa Desemba nilikaa kibandani kwa fundi mmoja karibu na Makadara, nikatazama foleni ya akina mama wenye sketi na kaptula mkononi. Sare nzuri hushonwa na pindo pana, vidole vitatu au vinne vya nguo vilivyokunjwa kwa ndani, kwa ajili ya siku hiyo hasa. Fundi alikata uzi wa zamani kwa wembe, akafungua, akapiga pasi, akapinda upya chini kabisa. Kila sketi ilikuwa na mstari wa rangi iliyokoza pale pindo lilipokuwa, kitambaa ambacho hakikuliona jua. Mama mmoja aliulizia kama mstari ule utaondoka. “Utapauka, mama,” fundi akamjibu, “mtoto akishaanza kucheza nje.”

Matembezi yalirudi pia, na sindano zikayafuata. Bustani ya Mama Ngina, pale baharini, ilikuwa imefunguliwa upya siku ya Mashujaa mwaka 2019. Ikawa na miezi michache tu ya kujaa watu kabla ya korona. Tulipoanza kwenda tena jioni, kula mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili na kutazama meli zikiingia Kilindini, Shangazi alikuja na kofia yake mfukoni mwa buibui. Chini ya mibuyu akakuta wenzake, mmoja na kofia, mwingine akidarizi foronya. Walikaa mbalimbali, barakoa zimeshushwa kidevuni, wakashona mpaka mwanga ulipowaishia. Sijasikia watu wakizungumza vile. Waliofiwa walizungumzia wafu wao, na wengi walikuwa wamezika haraka, bila matanga, kwa watu wachache waliohesabiwa. Mikono haikusimama. Nadhani mazungumzo mengine yanahitaji macho yawe na pa kutua, na kitundu cha kofia kinatosha.

Kafyu iliondolewa siku ya Mashujaa mwaka 2021, miaka miwili kamili baada ya ile ya Mama Ngina. Harusi za usiku zikarudi, na zilirudi kwa kishindo: zilizoahirishwa zilidai haki yao pamoja na mpya. Machi 2022 barakoa nayo ikaacha kuwa lazima hadharani, ikafika Idd ya Mei na mafundi wakawa hawapokei tena nguo tangu katikati ya Ramadhani. Nilifurahi kukataliwa.

Lipo jambo moja linanisumbua, nami nalisema kwa kuwa naipenda kazi hii. Tuliporudi nje tulirudi pia kwenye kofia za mashine zinazoletwa kutoka ng’ambo, nakshi zimechapwa, vitundu havikutobolewa, na kwenye kanzu za dukani zinazobana kwapani. Bei yake ni ndogo, ninaelewa, na mifuko ya watu ilikuwa imetoboka. Lakini mnunuzi anayemwambia mshonaji wa Siyu kwamba kofia ya miezi miwili ni ghali mno, hajahesabu. Agawe bei ile kwa siku za kazi aone anamlipa mtu nini. Kisha agawe tena kwa miaka atakayoivaa.

Shangazi sasa ana wanafunzi, wasichana wa mtaani na mvulana mmoja mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Huja alasiri wakitoka shule na madrasa, hukaa barazani, na kila mmoja huanza na kitambaa cha kujifunzia chenye safu za vitundu. Vikiwa sawa, hupewa ukanda. Mvulana yule ameshafika kwenye ukanda, na babu yake amemwahidi kuivaa kofia hiyo Ijumaa, itakapokwisha kushonwa, hata kama duara ya juu itabidi Shangazi aimalizie.