Jamani, Stesheni!

Treni yangu ni ya alasiri. Mimi saa nne asubuhi nimeshafika, na sijutii hata dakika moja.

Unashuka kwenye mwendokasi pale Gerezani, unajongea, unainua macho: lile jengo la stesheni ya reli mpya, SGR! Vioo vimekatwa pembe pembe kama tanzanaiti, na ndivyo walivyokusudia. Jua likilipiga, huwezi kulitazama bila kufinya jicho.

Lakini utamu wenyewe, wapenda reli wenzangu, uko ubavuni. Jirani tu ipo stesheni kongwe ya Reli ya Kati, reli iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914. Hapohapo ndipo ilipoanzia, mwaka 2012, treni ya mjini ya kwenda Ubungo, watu wakaipachika jina la waziri: treni ya Mwakyembe. Reli za huku zimeachana mita 1 kamili. Za SGR, milimita 1,435. Huku dizeli na harufu yake nzito, kule juu nyaya za umeme na treni ya Mchongoko, mabehewa 8, pua imechongoka kama chuchunge! Karne nzima na ushei unaivuka kwa miguu, mfuko begani.

Katikati ya safari hiyo nikanaswa na muuza kahawa. Buli la shaba juu ya jiko la mkaa, vikombe viwili mkononi anavigonganisha, kle-kle-kle. Kahawa chungu, kashata ya nazi, na Kariakoo inavuma kwa nyuma. Nikaongeza kikombe cha pili. (Cha tatu pia, msimwambie mke wangu.)

Ndani: kitambulisho, begi kwenye mashine, ngazi za umeme. Sawa, twende juu!

Treni hizi zilianza na Morogoro Juni 2024, Dodoma mwezi uliofuata, nami nilikuwa nimezisikia tu. Nilijikaza nikisubiri ule mtikisiko wa kuondoka. Haukuja. Nguzo ndiyo iliyonijulisha: ilikuwa inarudi nyuma! Mara tuko juu ya daraja, Kamata iko chini yetu, mabati yanametameta, foleni imegoma. Konda mmoja wa daladala, ameng'ang'ania mlango, akatupungia mkono. Nikampungia. Sidhani kama alikuwa amefika Buguruni sisi tulipokuwa tunaipita Pugu.