Kimathi wa Shaba na Kimathi wa Jukwaani: Uhakiki wa Sanamu ya Barabara ya Kimathi, Nairobi

Sanamu ya Dedan Kimathi iliyoko kwenye barabara yenye jina lake jijini Nairobi imejadiliwa mara nyingi kama tukio la kisiasa na mara chache mno kama kazi ya sanaa. Ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi anyongwe, na baada ya serikali hiyo hiyo kuondoa, mwaka 2003, marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau. Hata hivyo, mchongaji wake, Kevin Oduor, alikabiliwa na swali lile lile lililowakabili Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo katika tamthilia yao iliyochezwa Nairobi mwaka 1976, ambayo wasomaji wa Kiswahili huijua kwa jina la Mzalendo Kimathi. Mtu mmoja aliyeuawa atawezaje kusimama kwa niaba ya umma bila kuumeza umma huo?

Umbo lenyewe ni la shaba nyeusi, juu ya kitako kirefu kinachomwinua shujaa juu ya vichwa vya wapita njia. Amevaa mavazi ya kijeshi. Nywele zake ni ndefu, zilizosokotana. Mkono wa kulia umeshika bunduki na wa kushoto jambia. Thamani ya mkao huu haionekani vyema mpaka uwekwe kando ya picha iliyosambazwa na serikali ya kikoloni baada ya kukamatwa kwake tarehe 21 Oktoba 1956. Katika picha ile Kimathi amelazwa kwenye machela, amejeruhiwa kwa risasi, mikono imefungwa pingu. Picha hiyo ilitungwa ili itazamwe kutoka juu. Sanamu inamlazimisha mtazamaji ainue shingo. Kama jibu kwa matini ya mkoloni, hakuna jibu lililo wazi zaidi, na hapo ndipo sanaa ya Oduor inapofaulu kabisa.

Silaha, lakini, zinahitaji kusomwa kwa makini zaidi. Shitaka lililosomwa mahakamani Nyeri mwaka 1956 lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi, na aliyekamatwa alikuwa amevaa vazi la ngozi ya chui. Bastola imekuwa bunduki ndefu. Ngozi ya chui imekuwa sare. Katika badiliko la kwanza hakuna la kulaumiwa. Ni chuku, na mhakiki wa fasihi simulizi anajua kwamba sifo haiandikwi kwa kufuata orodha ya vielelezo vya mahakama. La pili ndilo lenye utata. Sare humpa mpiganaji wa msituni sura ya afisa wa jeshi la dola, dola ambayo kwa miaka 40 baada ya uhuru iliacha chama chake kikiwa haramu kisheria. Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye uwanja wa KICC, Jomo Kenyatta wa James Butler (1973) ameketi. Mmoja amekaa kitini, mwingine amesimama na bunduki kama mlinzi wake: kinaya hicho pengine hakikukusudiwa na mchongaji yeyote, ila jiji limekitunga.

Tamthilia ilikuwa imeepuka mtego huo. Kimathi wa jukwaani ana maneno makali na majaribu mengi gerezani, lakini uzi wa matukio haumo mikononi mwake. Umo mikononi mwa Mwanamke anayeificha bunduki ndani ya mkate, na mwa Mvulana na Msichana wanaojifunza maana ya mkate huo hatua kwa hatua. Silaha, kwa watunzi hawa, ni kitu kinachopitishwa kutoka mkono hadi mkono. Kwa Oduor imefika mwisho wa safari. Imeganda katika mkono mmoja, na hakuna aliye karibu wa kuipokea.

Ajabu ni kwamba wazo la tamthilia lilipata shaba yake mahali pengine. Mnara wa Mau Mau uliozinduliwa Uhuru Park mwaka 2015, kwa fedha za serikali ya Uingereza baada ya mapatano ya mwaka 2013 na wahanga wa mateso, unamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula. Nyuso zao zimegeuziwa pande tofauti, ili mmoja akikamatwa asiweze kumtambua mwenzake. Kisanaa, kugeuka huku ni taswira nzito kuliko bunduki na jambia: uaminifu unaonyeshwa kwa kutotazamana. Kwamba aliyelipia ni mtesaji wa zamani ni jambo linalokera, na halipunguzi nguvu ya umbo.

Hukumu juu ya sanamu ya 2007 haiwezi, hata hivyo, kukomea kwenye umbo. Kimathi alizikwa Kamiti bila kaburi kuonyeshwa kwa familia yake. Dai la mwaka 2019 kwamba kaburi limetambuliwa lilikanushwa na serikali, na mjane wake, Mukami Kimathi, aliyeomba mabaki hayo kwa miongo kadhaa, alifariki Mei 2023 bila kuyapata. Kwa sababu hiyo kitako kile cha barabarani kinafanya kazi ambayo mchongaji hakuagizwa kuifanya. Kina jina la marehemu. Kinachokosekana ni marehemu mwenyewe.