Wateja Walivyoibadilisha M-Pesa

Tumezoea kusikia kwamba mjasiriamali huiona fursa kabla ya wengine, akaiamini, akaifuata mpaka ikazaa. Historia ya M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, haikwenda hivyo. Nick Hughes wa kampuni ya simu ya Vodafone, aliyepata ruzuku ya serikali ya Uingereza, aliamini kwamba simu ingewarahisishia wakopaji wadogo wa Kenya kulipa marejesho. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wapatao 500 wa taasisi ya mikopo ya Faulu. Marejesho yalilipwa, lakini watu hawakuishia hapo. Mtu aliweka pesa kwa wakala wa huduma hiyo kabla ya safari, akazitoa saa chache baadaye alikofika, asitembee na noti mfukoni. Wengine waliziacha kwenye simu usiku kucha, kwa kuwa duka la wakala lilikuwa wazi hata baada ya benki kufungwa. Faulu nayo ilipata tabu kuoanisha malipo hayo na hesabu za vikundi vilivyozoea kukutana na kulipa pamoja.

Susie Lonie, aliyesimamia majaribio, na wenzake wangeweza kuyaona haya kuwa matumizi mabaya ya mfumo na kuyazuia. Waliyachukua kuwa ushahidi kwamba watu walihitaji kuhamisha pesa kutoka mahali hadi mahali. Machi 2007 kampuni ya simu ya Safaricom iliiingiza huduma hiyo sokoni Kenya bila marejesho ya mikopo, ikinadi jambo moja: kutuma pesa nyumbani. Nashikilia kwamba imani iliyoijenga M-Pesa ilipatikana hapo, kutokana na yale ambayo mpango haukuyatarajia.

Atakayepinga atasema bila imani ya kwanza majaribio yasingekuwapo. Ni kweli, ila kazi ya imani hiyo ilikuwa kugharamia jaribio, na thamani yake ilikuwa kupelekwa mahali ambapo wateja wangeweza kuikanusha. Pingamizi zito zaidi ni Afrika Kusini: huko kampuni ya simu ya Vodacom ilianzisha M-Pesa 2010 ikiwa na mafanikio ya Kenya mbele ya macho, na bado ikashindwa. Naona mfano huo unaniunga mkono, kwa kuwa Vodacom ilitegemea ushahidi wa wateja wa nchi nyingine. Ushahidi wa Thika ulihusu nchi yenye wafanyakazi mjini, familia kijijini, benki chache, na kampuni moja iliyoshika sehemu kubwa ya wateja wa simu. Afrika Kusini watu wengi zaidi walikuwa na akaunti na kadi ya benki, na haja ya kutuma pesa ilikwisha kupata njia nyingine. Huduma ilizinduliwa upya 2014, ikafungwa 2016.