Uzamifu hadi kuzimu

KIJANA mmoja ninayemsimamia kwenye tasnifu yake alinikabidhi riwaya nene mwezi uliopita akaniambia, “Prof, ukipata nafasi soma hii, inatuhusu.” Sikumuuliza hao “sisi” ni akina nani. Nilidhani ni sisi watu wa fasihi. Nilipofika katikati ya kitabu ndipo nilipong’amua kwamba alimaanisha wanafunzi wa uzamifu na wasimamizi wao, na kwamba huenda nilikuwa nimetupiwa fumbo.

Kitabu chenyewe ni Katabasis cha R. F. Kuang, mwandishi Mmarekani mzaliwa wa Uchina, na kilitoka mwaka wa 2025. Neno hilo ni la Kigiriki. Maana yake ni kushuka, hasa kushuka kuzimu ukiwa hai na ukitumaini kurudi. Wanaoshuka ni Alice Law na Peter Murdoch, wanafunzi wawili wa uzamifu huko Cambridge katika miaka ya 1980, kwenye ulimwengu ambamo uchawi hufundishwa chuoni kama tunavyofundisha isimu. Msimamizi wao, Profesa Jacob Grimes, amekufa katika ajali ya maabara. Bila barua yake ya mapendekezo, Alice haoni nani atamwajiri. Basi anaamua kumfuata huko huko aliko, naye Peter anajiunga na safari. Nauli ni nusu ya miaka waliyobakiza kuishi.

Asiyewahi kuandika tasnifu atacheka. Aliyewahi kuandika atapiga hesabu kwanza.

Riwaya hii huwekwa katika mkondo unaopendwa sana na vijana siku hizi, ambao tunaweza kuuita usomi wa giza: majengo ya kale, maktaba, mishumaa, vipaji vya ajabu, na maiti mahali fulani. Wengi huona chimbuko lake katika The Secret History ya Donna Tartt (1992), ambayo inahusu wanafunzi wa Kigiriki na mauaji. Nakiri nilikuwa na shaka na mkondo huu, kwa sababu mara nyingi hukipamba chuo kuliko kukichunguza. Kuang, ambaye amesoma Cambridge, Oxford na Yale, hapambi. Katika kuzimu yake kiunga cha wenye kiburi ni maktaba. Hapo nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuuliza kulikoni.

Lakini kilichonishika ni lugha, na hasa namna kitabu hiki kingesemwa kwa Kiswahili. Sisi tunaiita shahada hiyo uzamifu, neno linalotokana na kuzama. Walioliunda walifikiria, nadhani, mzamiaji anayekwenda chini akaibuka na lulu. Ila kuzama kwetu kuna maana mbili, na jahazi nalo huzama. Kwa hiyo kile ambacho Kuang alilazimika kukiazima kwa Wagiriki, sisi tumekichapisha kwenye vyeti vyetu.

Ugumu unaanza kwenye neno uchawi. Wasomi wa riwaya hii huchora duara kwa chaki, kisha hutumia vitendawili vya kifalsafa, kama kile cha Wagiriki kuhusu lundo la mchanga: ukiondoa chembe moja, lundo linabaki kuwa lundo, ukiendelea kuondoa, ni chembe ipi inayolivunja? Msomi akiweza kuuamini uongo kwa muda mfupi, dunia nayo huuamini. Sasa huyo ni profesa wa nini? Ukisema wa uchawi, msomaji wa Kenya anasikia jinai. Sheria yetu ya kupinga uchawi ni ya tangu 1925, na wapo wazee waliouawa na majirani kwa kuitwa jina hilo tu. Mazingaombwe na kiinimacho ni michezo. Sihiri inakaribia, lakini nayo ina harufu ya dhambi.

Mimi ningechagua uganga. Uganga ni taaluma. Una mwalimu na mwanagenzi, na mwanagenzi humbebea mganga mkoba miaka mingi kabla hajapata wake. Isitoshe, mganga hajigangi: Grimes, bingwa wa mabingwa, anasubiri kuokolewa na wanafunzi wake. Neno uchawi ningelihifadhi kwa yale anayowatendea walio hai. Amemchora Alice alama mwilini isiyomruhusu kusahau chochote, kwa manufaa ya utafiti, na binti huyo hana tena usiku wa kupumzika na aliyoyaona. Hiyo haihitaji chaki. Inahitaji tu mtu mmoja awe na kalamu ya kutia sahihi, na mwingine awe anaihitaji sahihi hiyo.

Uhasama kati ya Alice na Peter nao unatokana na hapo. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye kipenzi cha profesa, na kila mmoja anaficha udhaifu wake. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Sehemu bora kabisa ya kitabu ni zile kurasa ambamo Alice anamtetea Grimes. Anaamini kwamba kuteswa na mtu mkubwa ni ushahidi wa kuteuliwa. Anajivunia kukesha, kudharauliwa, kukosa kula. Nimeyasikia maneno hayo kwenye korido zetu: “Mimi msimamizi wangu alinirudisha mara kumi na tano, ndiyo sababu mnaniona hivi.” Nimeyasikia kinywani mwangu pia, tena mbele ya wanafunzi, na nikapigiwa makofi.

Kasoro zipo. Kuang hamwamini msomaji. Kila kitendawili kinafafanuliwa kama kwamba kuna mtihani wiki ijayo, na safari inachakaa katikati, viunga vya baadaye vikipitwa mbio mbio. Babel yake ya 2022, ambayo uchawi wake unatokana na kile kinachopotea katika tafsiri, imesukwa vizuri zaidi, na wapenzi wa lugha wangeanza na hiyo. Na Grimes, mbona hatumwoni akifundisha vizuri hata siku moja kwa kirefu? Tunaambiwa kwamba alikuwa mwalimu wa kuvutia mno. Tungeuonja mvuto huo, tungeelewa zaidi kwa nini watu wawili wenye akili wanatoa nusu ya uhai kumrudisha.

Hata hivyo nilikisoma kwa pupa. Kina kurasa zaidi ya 500 nami nilikimaliza kwa siku nne, muhula ukiendelea. Sura ya tatu ya kijana aliyeniazima, yenye kurasa 42, ilikuwa mezani pangu wiki ya kumi na moja. Juzi tulikutana kwenye ngazi. Akanisalimu kwa heshima, akauliza kama nimekimaliza kile kitabu.

Nikamwambia bado.